Wikendi ya siku tatu, yawezekana?

Ndugu yangu umeuliza kama wikendi ya siku tatu yawezekana ama ni ndoto tu. Mbona yawezekana, Sharjah kule Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 maofisi ya serikali hufunga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ila siku nne zilobaki masaa yakaongezwa. Sie huku Lamu sheria ya Kenya yatupa angalau siku moja ya mapumziko kwa kila saba, na mimi niko duka la misumari na simiti, Ijumaa nafunga mlango mmoja nakimbia msikitini vumbi bado liko kwenye kanzu, nikitoka tajiri ashapiga simu mara mbili 😂 Siku tatu hata sitaki wallahi, nipe Ijumaa nzima, nile wali wa nazi nilale mpaka alasiri.