Kona nyingi, nukta chache: majibu kwa wasomaji kuhusu uchakataji wa picha

Maswali yaliyofika safari hii yanafanana kwa jambo moja. Kila aliyeandika amekwisha kupata programu inayotambua kona katika picha, na sasa anatazama mamia ya nukta nyekundu kwenye kioo asijue achukue zipi na aache zipi. Nimeanza na lililo la msingi, nalo nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Swali: Nilitandika khanga juu ya mkeka nikaipiga picha, nikikusudia kuinyoosha na kuihifadhi katika mkusanyiko wa mitindo. Nilitarajia kona nne za kitambaa. Nimepata nukta zaidi ya elfu moja, na kona mbili kati ya zile nne hazimo kabisa. Je, kigunduzi changu ni kibovu?

Kigunduzi chako ni kizima, ila kimejibu swali ambalo hukuliuliza. Njia unayoitumia, ambayo Chris Harris na Mike Stephens waliitoa mwaka 1988 kwa kuliboresha wazo la awali la Hans Moravec, huitazama picha kupitia kidirisha cha pikseli chache na kupima jambo moja tu: kidirisha kikisogezwa kidogo, je, mwangaza ulio ndani yake unabadilika? Mahali patupu haubadiliki, uelekee upande wowote. Kwenye ukingo hubadilika unapouvuka, lakini unapoufuata hubaki vilevile. Kwenye kona hubadilika kila upande. Matokeo hutolewa kwa namba moja kwa kila pikseli: namba kubwa chanya ni dalili ya kona, namba hasi ni dalili ya ukingo, na iliyo karibu na sifuri ni mahali patupu. Katika hesabu yote hiyo programu haikuambiwa khanga ni kitu gani.

Sasa itazame khanga yako kwa macho ya kidirisha hicho. Mji wake una michoro, pindo lina mistari na vipande vinavyojirudia mzunguko mzima, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa ambazo kila K, M au N ina kona kali kadhaa, wino mzito juu ya nguo nyeupe. Kona ya kitambaa chenyewe huenda ni pindo la hudhurungi lililolalia mkeka wa rangi hiyohiyo, tena limekunjika kidogo, kwa hiyo hupata namba ndogo. Ukichukua nukta nne zenye namba kubwa kuliko zote, kuna kila dalili kwamba utaokota herufi za jina. Namba ya kona hupima ukali wa tofauti ya mwangaza, wala haipimi umuhimu wa mahali hapo kwako. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu makini wakimaliza siku nzima wakipandisha na kushusha kizingiti, yaani namba ambayo nukta iliyo chini yake huachwa, wakiamini kwamba ipo thamani moja itakayobakiza kona nne wanazozitaka, ilhali thamani hiyo haipo.

Anza na kitambaa, kisha uje kwenye kona. Itenganishe khanga na mkeka kwa rangi ili upate picha ya nyeusi na nyeupe ambamo kitambaa chote ni cheupe, ziba matundu yaliyobaki ndani yake, chukua eneo kubwa kuliko yote, fuata mpaka wake wa nje, kisha urahisishe mpaka huo hadi ubaki na pande nne. Pande mbili zinapokutana ndipo kona ya khanga inapotarajiwa. Hapo sasa mrudie Harris na kumwuliza swali dogo: katika duara la pikseli 15 kuzunguka mahali hapa, nukta ipi ina namba kubwa zaidi? Usipopata yoyote, kama ilivyotokea kwa kona zako mbili, chukua mahali mistari ya pande inapokatana na uendelee na kazi. Kona iliyokunjwa haionekani kwenye picha, lakini pande zake bado zinaionyesha ilipopaswa kuwa.

Kama khanga bado unayo, itandike upya juu ya shuka la rangi moja isiyofanana na pindo lake, na uhakikishe kwamba unapiga kipande kimoja. Doti isiyokatwa itakupa mstari wa katikati utakaokuchanganya bila sababu.

Swali: Kila kona inapakwa nukta kumi au ishirini zilizogandana pamoja. Nibakize vipi moja?

Namba ya Harris haipandi ghafla kwenye pikseli moja. Hupanda kama kilima, na kizingiti chako kimekata kilima hicho chini ya kilele, hivyo pikseli zote za juu zimehesabiwa kuwa kona. Unachohitaji ni kilele. Linganisha kila pikseli na majirani zake, tuseme ndani ya mraba wa pikseli 7 kwa 7, na uibakize tu ikiwa hakuna jirani anayeizidi. Katika OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, kazi hii hufanyika kwa hatua mbili: ipanue ramani ya namba ili kila pikseli ichukue thamani kubwa ya jirani zake, kisha zichukue zile pikseli ambazo thamani yake ya mwanzo ni sawa na thamani mpya. Unaweza pia kuitumia goodFeaturesToTrack, amri ya OpenCV inayofuata kazi ya Jianbo Shi na Carlo Tomasi ya mwaka 1994, kwa kuwa yenyewe hukuruhusu kutaja umbali mdogo unaokubalika kati ya nukta na nukta.

Jihadhari na kizingiti cha asilimia 1 ya namba kubwa kuliko zote, ambacho wengi hukinakili kutoka kwenye mifano bila kukipima. Mng'ao mmoja wa taa juu ya meza huweza kuipandisha namba hiyo kubwa kiasi kwamba kona zako halali zote zikaanguka chini ya mstari.

Swali: Nukta zangu zinachorwa mahali ambapo hakuna kona, kana kwamba picha imelazwa ubavu.

Umebadilisha nafasi za namba mbili. NumPy, maktaba ya Python ya kukokotoa majedwali ya namba, inapokuorodheshea mahali palipozidi kizingiti hutaja mstari kwanza na safu baadaye, yaani y kisha x, lakini amri za kuchora duara hutaka x kwanza. Zipindue kabla ya kuchora. Kwenye picha ya mraba kosa hili haliisimamishi programu, kwa hiyo lijaribu kwanza kwenye picha iliyo ndefu kuliko upana wake.

Swali: Nimefanikiwa kubaki na kona nne za fomu iliyopigwa kwa simu. Ninapoinyoosha, wakati mwingine inatoka imegeuzwa juu chini au inasomeka kama kwenye kioo. Nizipange vipi?

Chukua mfano. Kona zako ni (118, 96), (1062, 140), (1098, 1490) na (85, 1455), ambapo namba ya kwanza ni x na ya pili ni y inayokua kwenda chini. Jumlisha x na y ya kila nukta: unapata 214, 1202, 2588 na 1540. Jumla ndogo kabisa ni ya kona ya juu kushoto, na kubwa kabisa ni ya chini kulia. Kisha toa x kutoka kwa y: unapata −22, −922, 392 na 1370. Tofauti ndogo kabisa ni ya juu kulia, na kubwa kabisa ni ya chini kushoto. Nukta nne zimepata majina bila kubahatisha.

Mbinu hii ni nzuri maadamu fomu haijainama sana, na hapo ndipo wengi huangukia. Tuseme mtu ameiweka fomu kishazari, kona zikawa (600, 200), (1000, 600), (600, 1000) na (200, 600). Jumla zake ni 800, 1600, 1600 na 800. Kona mbili zinagombea jina moja, na programu itachagua iliyotangulia kwenye orodha. Ndiyo maana unaona kosa linakuja na kuondoka bila utaratibu. Katika hali hiyo tafuta kitovu kwa kuchukua wastani wa nukta nne, pima pembe ya kila nukta kutoka kwenye kitovu, kisha uzipange kwa ukubwa wa pembe. Kwa kuwa y inakua kwenda chini, zitazunguka kama mishale ya saa, na fomu haitasomeka tena kama kwenye kioo.

Bado litabaki suali la kona ipi ndiyo ya kwanza, na hilo hesabu ya nukta nne peke yake haiwezi kulijua. Tazama ndani ya fomu: nembo iko wapi, au kichwa cha habari kilichokolezwa wino kiko upande gani? Ninyi mnaochapa fomu zenu wenyewe, wekeni mraba mdogo mweusi kwenye kona moja tu, kwani utawaondolea matatizo ambayo mistari mia ya programu haitayaondoa.

Swali: Ninatumia ubao wa drafti kupimia kamera yangu, yaani kujua lenzi yake inavyopotosha picha. Ninataka kona za ndani tu, lakini ninapata pia kona za fremu, mishipa ya mbao na vitu vilivyo mezani.

Ubao wa miraba 64 una kona za ndani 49, saba kwa saba, na kila moja ina sifa ambayo ni nadra kwenye vitu vingine: miraba minne hukutana hapo, miwili myeusi na miwili myeupe, ikitazamana kwa mshazari. Itumie sifa hiyo. Zungushia kila nukta duara dogo lisilovuka upana wa mraba, tembea juu ya duara hilo pikseli baada ya pikseli, na uhesabu ni mara ngapi unatoka kwenye weusi kuingia kwenye weupe au kinyume chake. Kona ya ndani hutoa mabadiliko manne. Kona ya kawaida, kama ya kitabu kilicholala mezani, hutoa mawili. Mshipa wa mbao unaweza kutoa manne kwa bahati, kwa hiyo ongeza sharti la pili: pikseli mbili zinazotazamana kupitia katikati ya duara ziwe na rangi moja.

Nukta zilizopita mtihani huo zitakuwa karibu na 49, pengine moja au mbili zimezidi au zimepungua. Chagua nne za pembeni unazoziamini, kokotoa badiliko la mtazamo, yaani hesabu ya kunyoosha picha iliyopigwa kwa upande, linalozipeleka kwenye gridi iliyonyooka, kisha utabiri mahali pa zile 45 zilizobaki na uchukue nukta iliyo karibu na kila utabiri. Mwisho wa yote zinoe kwa cornerSubPix, amri nyingine ya OpenCV, ili upate mahali pa kona kwa sehemu ya pikseli, kwa sababu upimaji wa kamera huumizwa hata na kosa la nusu pikseli. Kidirisha cha kunolea kiwe kidogo kuliko mraba mmoja, la sivyo kitaivuta nukta kuelekea kona ya jirani.

Ondoa vizibo vya soda kabla ya kupiga picha. Na kama unaweza kuchapa karatasi yako mwenyewe, acha ubao wa saba kwa saba na uchague wenye kona 9 kwa 6: ubao wa pande zilizo sawa hauonyeshi upande wake wa juu, na picha mbili za ubao uleule zinaweza kuhesabiwa kuanzia pande tofauti.

Swali: Ninaunganisha picha za droni za kijiji chetu huko Pemba. Nukta 500 bora zote zinaangukia kwenye mapaa ya mabati, na kwenye mikarafuu hakuna hata moja. Kuna dawa?

Ipo, nayo ni kuacha kuchagua kwa nguvu peke yake. Bati lina mistari na kingo zinazomulika jua, hivyo litaushinda mti kila siku. Njia nyepesi ni kuigawa picha katika vyumba, tuseme 10 kwa 10, na kuchukua nukta tano bora za kila chumba. Iliyo bora zaidi ilielezwa na Brown, Szeliski na Winder mwaka 2005: kwa kila nukta, pima umbali hadi nukta iliyo karibu inayoizidi nguvu kwa kiasi cha kutosha, kisha uchukue zile zenye umbali mkubwa. Nukta dhaifu iliyo peke yake katikati ya shamba hupata umbali mkubwa na kuingia, huku nukta ya nguvu iliyobanwa na nyingine kwenye paa ikiachwa. Mimi huanza na vyumba, na huhamia njia hii ninapoona mistari ya vyumba inaanza kuonekana katika mpangilio wa nukta. Baki pia na kizingiti cha chini, maana chumba cha bahari tupu hakina cha kukupa, na nukta za mawimbi hazitakuwa mahali pamoja katika picha mbili.

Swali: Ninataka mtumiaji abofye karibu na kona, na programu imshike kwenye kona yenyewe.

Kwanza igawe nafasi ya mbofyo kwa kiwango cha ukuzaji wa picha, kwani pikseli za kioo si pikseli za picha. Kisha kokotoa kipeo cha pili cha umbali hadi kila nukta na uchukue ndogo kabisa. Kipeuo cha pili hakihitajiki, kwa sababu mpangilio haubadiliki. Weka kikomo, tuseme pikseli 12 za kioo, na nje ya kikomo hicho programu isimshike popote. Mtumiaji atabofya tena, nayo ni afadhali kuliko kupewa kona ya mbali ambayo hakuikusudia.