Madirisha ya B-17 na puti yangu: kwa mnaoanza kuunda modeli

Wadogo zangu, mwezi huu nimeletewa tena modeli mbili za ndege za mabomu za Vita vya Pili vya Dunia: B-17F ya Marekani yenye madirisha ya kiunoni (ya wapiga bunduki, ubavuni katikati ya ndege) yaliyopishana, na Lancaster ya Uingereza iliyoundwa 1945, iliyotobolewa vidirisha ubavu mzima. Rangi safi, dekali (stika za alama) hazina hata kiputo, ila ndege za namna hiyo hazikuwahi kuruka popote. Nawapenda, lakini mnanizeesha. Someni haya kabla hamjafungua kopo la puti ya kuzibia.

1. Nambari ya mkia kwanza, rangi baadaye.

2. Jueni dirisha lilihama kwa nini. Kwenye B-17 za matoleo ya E na F madirisha mawili ya kiunoni yanatazamana. Wapiga bunduki wanasimama mgongo kwa mgongo, kila mmoja na mrija wake wa oksijeni, na adui akija wanasukumana kama makonda wawili kwenye mlango mmoja wa daladala. Kwenye G za baadaye dirisha moja likasogezwa mbele, kila mtu akapata pa kugeukia. Halafu baridi. Vitani madirisha ya F yalikuwa wazi, na futi 25,000 juu ya Ujerumani ni nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Vidole viliganda kwenye bunduki. Ndiyo maana G za baadaye zina kioo kilichofungwa, na bunduki imepitishwa humo humo.

3. Hili nalijua kwa kuwa liliniumiza. Mzee mmoja mkusanyaji aliniagiza Memphis Belle, B-17 moja maarufu, skeli ya 1/48, akalipa nusu mapema. Mimi nikachukua picha za G moja iliyopo makumbusho, maana zilikuwa kali na za rangi, nikazilinganisha na vipande. Madirisha ya kwenye plastiki yalitazamana. “Kiwanda kimekosea hapa,” nikatamka kwa sauti, mbele ya kijana niliyekuwa namfundisha. Nikaziba dirisha zima kwa puti, nikapiga msasa hadi ukucha hausikii kitu, nikachonga jipya mbele yake, nikatia kioo. Kazi ilikuwa safi, na hilo ndilo linalouma. Mzee akaja, akavaa miwani, akaiangalia ndege kutoka juu, kimya. Kisha akauliza, “Kijana, hawa wapiga bunduki wawili mbona hawagusani?” Nikaanza kumweleza habari ya maboresho. Akaweka kidole mkiani, kwenye 124485 niliyoibandika kwa mkono wangu. Hiyo 1 ya mwanzo inatokana na mwaka 1941. Ni F, na ilirudi Marekani katikati ya 1943, G za madirisha ya kupishana hazijatoka. Ndege yenyewe ipo Dayton, Ohio, imewekwa hadharani tangu 2018, picha zake zimejaa kila mahali, na mimi nilikuwa nimeikosoa kwa picha ya ndege nyingine. Mzee hakudai hela yake. Aliiacha mezani tu. Yule kijana naye hakucheka, bora angecheka.

4. Herufi za kiwanda mwishoni mwa jina la B-17: BO ni Boeing (Seattle), DL ni Douglas (Long Beach), VE ni Vega. Badiliko lilelile liliingia kwa nambari tofauti za bloku, yaani kundi la ndege zilizoundwa pamoja, kila kiwanda. Msibebe bloku ya Seattle mkaipeleka Long Beach.

5. Lancaster ilizaliwa na Manchester, ndege ya mabomu iliyoitangulia, na Lancaster za mwanzo zilikuwa na safu ya vidirisha ubavuni. Kwa ndege ya kushambulia usiku vilikuwa na faida ndogo. Vingi vikapakwa rangi, baadaye viwanda vikaacha kuvitoboa kabisa. Kwa hiyo kuna hali tatu, si mbili: kioo kinachoonyesha, kioo kilichopakwa, na bati tupu. Kilichopakwa msikizibe kwa puti. Pakeni rangi juu ya kioo ili ukingo uonekane kidogo mwanga ukipiga kwa upande. Na mwenye picha ya ubavu wa kushoto asiniapie kuhusu wa kulia.

6. Vidirisha vya ubavuni bandikeni kutoka ndani, gundi kidogo, mkiache kikauke usiku kucha ndipo mfunge bodi. Kikidondoka baada ya hapo utakisikia kikigonga kila ukiigeuza ndege, na mlango wa wafanyakazi wa Lancaster haupitishi kibanio changu. Nimejaribu.