Asphalt ni ya Joe May

Kuna wanaosema Asphalt, filamu bubu ya Kijerumani ya 1929, iliongozwa na Fritz Lang. Hapana, si ya Lang, ni ya mwongozaji Joe May. Nadhani anayewachanganya watu ni mwigizaji Gustav Fröhlich: ndiye polisi kijana anayemkamata mwizi wa almasi kisha akampenda, na ndiye huyohuyo aliyeigiza Freder katika Metropolis, filamu ya Lang (1927). Tena filamu zote mbili ni za UFA, kampuni ya filamu ya Ujerumani, na mtayarishaji ni Erich Pommer, kwa hiyo zinafanana kwa mwonekano. Hata ile barabara ya Berlin iliyojaa magari katika Asphalt ilijengwa studio. Ila msiishie kwenye majina, itazameni. Pale baba wa yule polisi kijana, naye polisi, anapompeleka mwanawe kituoni yeye mwenyewe, inauma sana, na hakuna neno linalosikika.