Ugali wako nimeuona

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Habari za Dodoma? Huku mvua haijakata tangu Jumatano, lakini sote wazima. Mama yako anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Baba, nimesoma miaka 16, mbona hakuna mwalimu aliyenifundisha kusonga ugali wala kubadilisha washa ya bomba?" Ukaambatanisha na picha ya ugali wenyewe. Mama yako alidhani ni viazi vya kuchemsha.

Walikufundisha, mwanangu. Daftari lako la Stadi za Kazi la darasa la tano ninalo kabatini. "Taja hatua tano za kupika wali." Ulizitaja zote kwa mwandiko safi, ukapata vema tano na "Hongera". Jioni ileile mama yako alikuachia sufuria uiangalie, na usiku tukaenda kula magimbi kwa jirani. Darasani hapakuwa na jiko wala kibaba cha mchele. Mwalimu alikuwa na chaki na watoto zaidi ya tisini, simlaumu.

Sisi tulifundishwa kwa njia nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na matumizi ya mapato. Nilipokuwa darasa la sita tulikabidhiwa tuta la karoti. Kila asubuhi tulizing'oa tuone zimefikia wapi, tukazirudisha na kuzishindilia kwa kisigino. Hatukuvuna hata moja. Mwalimu hakumchapa mtu. Siku ya mavuno tulikula ugali kwa chumvi, huku darasa la saba wakitafuna kabichi zao taratibu mbele yetu. Muhula uliofuata hakuna aliyegusa mche, na aliyeusogelea tulimfukuza wenyewe.

Sikufichi, zilikuwepo shule ambako kujitegemea kulikuwa kulima shamba la mkubwa fulani, na watoto walitoka huko wakilichukia jembe maisha yao yote. Hilo silitamani lirudi.

Sasa mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, nami nimefurahi kwa moyo wote. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mdogo wako, baba mmoja alisimama akasema mwanawe hakuja kushika koleo, anataka kuwa injinia. Mzee aliyekaa nyuma akamuuliza kama injinia huyo atachanganya zege kwa kalamu. Kikao kilichelewa kuendelea kwa kicheko. Mimi niliomba jambo moja: fedha zikiwa kidogo, wanunue sufuria na unga kabla ya kitu kingine, watoto wapike, waunguze, na wale hichohicho walichopika.

Kwenye ugali wako ulitia unga maji yakiwa vuguvugu, ndiyo sababu ya yale mabuja. Koroga uji kwanza, uache utokote sawasawa, ndipo uongeze unga kidogo kidogo huku ukiyakandamiza mabuja ukingoni mwa sufuria. Usiogope mvuke.

Kwa basi la kesho nakutumia mwiko na washa sita. Kabla hujafungua bomba, funga koki ya kwenye mita. Mwenye nyumba wako amekwisha kunipigia mara moja.

Baba yako