Maswali ya Wasomaji: Mpango wa Mwanafunzi Mmoja katika Darasa la Wengi

*Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Kondoa. Darasa langu lina wanafunzi 86, na miongoni mwao yumo mvulana wa miaka 10 aliyebainishwa kuwa na ulemavu wa akili. Anahesabu kwa mdomo hadi 10, anatambua herufi za jina lake, na hupenda sana kugawa madaftari. Mwalimu mkuu aliniagiza nimwandalie mpango wake binafsi wa elimu, nami nikaandika kwamba "ataboresha stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na kushirikiana vizuri na wenzake." Mthibiti ubora wa shule ameurudisha akisema haupimiki. Sikusomea elimu maalumu. Nianzie wapi, na muda nitautoa wapi?*

Mwalimu mwenzangu, mthibiti ubora alikuwa na haki ya kuurudisha mpango huo, kwa kuwa sentensi uliyoiandika ingeweza kuandikwa kuhusu mtoto yeyote kati ya hao 86, na hata muhula ukiisha hakuna ambaye angeweza kusema kama imetimia au la. Hata hivyo, katika barua yako umetaja mambo matatu ambayo mtoto huyu anayaweza, na hayo yana thamani kuliko mpango wenyewe uliorudishwa. Anzia hapo.

Umesema anahesabu hadi 10 kwa mdomo. Kutaja namba kwa mfuatano ni jambo moja, na kuhesabu vitu ni jambo jingine. Weka vizibo 10 vya soda mezani, umwombe akupe 4, kisha unyamaze na kutazama mikono yake. Je, anachukua kimoja kimoja huku akitaja namba? Anakupa konzi nzima? Anaendelea kutoa hadi vizibo vinakwisha kwa sababu hajui kwamba akifika 4 anapaswa kusimama? Rudia zoezi hilo mara 5 kwa namba tofauti, kisha uandike ulichokiona, kwa mfano: "Anataja namba 1 hadi 10 kwa mfuatano sahihi; akiombwa idadi kati ya 1 na 5 hutoa idadi sahihi mara 1 kati ya 5." Hiyo ndiyo hali yake ya sasa, na pasipo kuiandika hivyo lengo lolote litakalofuata litakuwa la kubahatisha.

Baada ya hapo lengo huandikika bila taabu: "Ifikapo wiki ya mwisho ya muhula, akiombwa idadi yoyote kuanzia 1 hadi 5 kutoka katika rundo la vizibo 10, atatoa idadi sahihi mara 4 kati ya 5, kwa siku 3 mfululizo, bila kuelekezwa." Humo mna mazingira ya kazi, tendo linaloonekana kwa macho, kiwango cha kufaulu na muda. Vitenzi kama kuelewa, kujua na kuboresha viache nje ya malengo, kwa kuwa hakuna awezaye kumwona mtoto akielewa. Tunamwona akichukua, akitaja, akiandika, akichagua au akipanga.

Sasa nije kwenye muda, ambao najua ndio unaokuelemea. Mtoto huyu anapenda kugawa madaftari. Ikiwa wanafunzi wako hukaa watatu kwa kila dawati, basi mpe safu moja tu na umtake aweke madaftari 3 kwenye kila dawati, akihesabu kwa sauti, huku mwenzake wa dawati la mbele akihakiki. Kazi hiyo ingefanyika hata bila yeye. Inachukua dakika zilezile, inamfundisha kusimama kwenye idadi aliyoombwa, na inamweka mbele ya wenzake akiwa na jukumu la kweli, jambo ambalo ndilo ulilokusudia uliposema ashirikiane nao vizuri. Namba 3 ikishazoeleka, mpe vitabu 2 kwa kila dawati, kisha chaki 4 za kupeleka darasa la jirani. Kwa maoni yangu mpango wowote unaohitaji mwalimu wa darasa kubwa aache darasa zima ili amfundishe mtoto mmoja hautadumu hata wiki mbili, na si haki kumlaumu mwalimu huyo.

Usiandike malengo mengi. Mawili au matatu kwa muhula yanatosha: moja la kuhesabu, moja la kusoma linaloanzia kwenye herufi za jina lake, na moja la kujitegemea. Hili la kujitegemea mara nyingi hudharauliwa, ingawa ndilo linaloamua kama mtoto ataendelea kuja shuleni. Ikiwa hawezi kufunga vifungo vya shati, igawe kazi hiyo katika hatua ndogo: kushika kifungo, kushika tundu kwa mkono wa pili, kukipenyeza nusu, kukivuta kikatokeza. Kisha mfundishe kwa kuanzia mwisho, yaani wewe unafanya hatua zote na kumwachia ile ya kuvuta peke yake, ili kila jaribio liishie kwa yeye kufaulu. Akiizoea, unamwachia mbili za mwisho, na kuendelea hivyo kurudi nyuma hadi aanze mwenyewe.

Kumbukumbu ziandike katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake: tarehe, lengo, na alama ya kujumlisha au ya kutoa kwa kila jaribio. Zikipita wiki mbili na alama hazibadiliki, punguza ukubwa wa hatua au ubadilishe njia ya kufundisha. Usikimbilie kuandika kwamba mwanafunzi hafundishiki, kwa maana kilichoshindwa hapo ni mbinu, nayo inaweza kubadilishwa.

Tena, usiufanye mpango huu peke yako. Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri yako ni shule gani ya jirani yenye kitengo cha elimu maalumu, kwa kuwa huko hupatikana walimu waliosomea fani hii, wengine katika Chuo cha Ualimu cha Patandi kilichoko mkoani Arusha, na saa moja ya kukaa na mmoja wao itakusaidia kuliko miongozo mingi. Mzazi naye asiitwe kuja kutia saini tu. Mwulize mtoto hufanya nini nyumbani. Inawezekana huyu usiyemwona akihesabu darasani hurudisha mbuzi zizini jioni na kujua mara moja ni yupi asiyeonekana. Maarifa ya namna hiyo yaandikwe kwenye mpango, na mtoto mwenyewe aulizwe anapenda kujifunza nini, hata kama jibu lake litakuwa la kuonyesha kwa kidole.

*Binti yangu ana ualbino na yuko Darasa la Tano hapa Mwanza. Akili yake ni nzuri, lakini haoni ubaoni. Shule inataka aandaliwe mpango binafsi, na mwalimu mmoja amenishauri nimhamishie shule ya bweni. Sitaki mtoto wangu ahesabiwe miongoni mwa wasioweza. Je, naweza kuukataa mpango huo?*

Mama, nakusihi usiukatae. Utake uandikwe vizuri. Mpango binafsi haumpunguzii mtoto mtaala, wala si hati ya kutangaza kwamba hawezi. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, hesabu atakazozifanya ni zilezile za wenzake, na kinachopangwa ni namna ya hesabu hizo kumfikia.

Kwa hiyo katika kikao dai mambo yanayotekelezeka. Akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, kwa kuwa mwanga mkali huyaumiza macho yake na kuzidi kumficha ubao. Aruhusiwe kuinuka na kusogea ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara. Mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika. Majaribio yake yachapwe kwa herufi kubwa na wino mzito. Avae kofia pana na mikono mirefu awapo nje, na kipindi cha michezo kifanyike kivulini au asubuhi mapema. Mpeleke kwa mtaalamu wa macho, ukijua kwamba miwani huwasaidia watu wenye ualbino lakini kwa kawaida haiurudishi uoni wao wote. Akipewa lenzi ya kukuzia maandishi, basi kujifunza kuitumia kwa kasi ni lengo halali la kuandikwa kwenye mpango, kwa sababu mtoto anayesoma polepole kwa lenzi hupoteza alama ambazo anazistahili.

Yote haya yana uzito zaidi mtihani unapokaribia. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi yaliyokuzwa, na huwaongezea muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Shule inapaswa kuonyesha hitaji lake wakati wa usajili. Mtoto naye anahitaji kuwa amezoea kufanya majaribio kwa utaratibu huo tangu mapema, ili siku hiyo asikutane na karatasi ya aina asiyoijua.

Kuhusu bweni, najua kwamba Kanda ya Ziwa wapo wazazi waliowapeleka watoto wenye ualbino bwenini kwa kuhofia maisha yao, na hofu hiyo haikuzuka bure. Ikiwa sababu yako ni usalama, lipime kwa uzito wake pamoja na familia na serikali ya mtaa. Lakini ikiwa sababu ni ubao usioonekana, mtoto hapaswi kutenganishwa na mama yake kwa jambo linalotatuliwa kwa kuhamisha dawati. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na kupata msaada anaouhitaji humo.

*Mimi ni mama kutoka Kivu, ninaishi Louisville, Kentucky, Marekani. Shule imeniita kwenye kikao cha IEP, yaani mpango binafsi wa elimu, cha mwanangu wa miaka 7. Kiingereza changu ni kidogo, na katika kikao kilichopita binti yangu wa miaka 13 ndiye aliyenitafsiria. Nimepewa karatasi nyingi za kutia saini. Nifanye nini?*

Dada, usitie saini karatasi usiyoielewa. Haki ya mtoto wako inatokana na sheria ya shirikisho iliyopitishwa mwaka 1975, ambayo tangu mwaka 1990 inajulikana kwa kifupi kama IDEA, na chini yake mzazi ni mjumbe kamili wa kikao. Shule inatakiwa kuchukua hatua ili uelewe yanayozungumzwa, ikiwa ni pamoja na kukuletea mkalimani bila malipo. Binti yako asifanye kazi hiyo tena, kwa kuwa kikao hicho hujadili matokeo ya vipimo kwa maneno ambayo hata mtu mzima huhitaji kuelezwa, na si vyema abebeshwe siri na uamuzi wa ndugu yake. Omba mkalimani kwa maandishi kabla ya siku ya kikao, na useme wazi ni Kiswahili cha wapi unachokizungumza.

Shule haiwezi kumpima mtoto kwa mara ya kwanza, wala kuanza kumpa huduma hizo kwa mara ya kwanza, bila idhini yako ya maandishi. Mpango hupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na una haki ya kupewa nakala yake bila malipo na kuomba kikao kingine wakati wowote.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uliulize kabla ya mengine yote: mwanao alipimwa kwa lugha gani? Sheria hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha itakayoonyesha kwa usahihi anachokijua, na inakataza ahesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza vya kutosha. Ikiwa nyumbani anasimulia hadithi kwa Kiswahili, anatumwa vitu viwili na kuvileta vyote, au anacheza na wenzake kwa kufuata kanuni, waeleze hayo kikaoni na uombe yaandikwe kwenye mpango. Ikiwa hata kwa Kiswahili anapata shida hizohizo, waeleze hilo pia bila kuona haya, kwa sababu hapo msaada anaoandaliwa unamhusu kweli, na mtafaidika nyote ukianza mapema.