Nyumba ya Kupanga Katika Mji Uliokuwa wa Magogo

SWALI: Nahamia mji mdogo ulioishi kwa kukata magogo hadi kiwanda cha mbao kilipofungwa. Matangazo ya nyumba hakuna, ingawa naambiwa nyingi zimefungwa tu. Nianzie wapi, na nikague nini?

JIBU: Nyumba zipo, ila wenyewe hawatangazi, kazi zilipokwisha walihama, zikabaki mikononi mwa warithi wanaoishi mbali. Panga kwanza chumba cha muda, kisha ulizia shuleni, zahanati, na zaidi kwa fundi bomba na fundi umeme. Hao wanazijua nyumba kwa ndani kuliko dalali yeyote.

Kabla ya kutaja kodi, uliza kiwanja kilikuwa nini. Maranda ya kiwandani mara nyingi yalimwagwa mabondeni na kando ya mto, baadaye pakajengwa juu yake. Yanapooza chini kwa chini ardhi hutitia, na nyumba huinama. Weka gololi sakafuni katika kila chumba. Ikibingirika upande uleule kote, tazama pembe za madirisha: nyufa za mshazari, pamoja na milango inayokwama, zinatosha kukufanya uondoke. Kama maji ni ya kisima, ulizia pia mahali mbao zilipochovywa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, nayo hukaa udongoni miaka mingi. Maji yapimwe maabara kwanza.

Nyumba zenyewe kwa kawaida ni za mbao, basi ingia chini ya sakafu na tochi na bisibisi. Choma boriti inayolala juu ya msingi, hasa chini ya bafu na jiko. Ncha ikizama sentimita moja bila kulazimishwa, imeoza. Uozo hushika mbao unyevu wake ukizidi takriban asilimia 20, kwa hiyo tafuta bomba au mfereji wa paa unaovuja; usipozibwa, hata boriti mpya itaoza. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni vya mchwa. Unga laini chini ya vitundu vidogo maana yake huenda mbao inabunguliwa bado.

Kwenye mkataba, omba hati ya kiwanja, kwani huenda kampuni ya kiwanda iliuza nyumba ikabaki na ardhi. Warithi wakiwa wengi, wote watie saini, la sivyo mmoja atakuja kudai kodi uliyokwisha kulipa. Na matengenezo yaandikwe, kila moja na tarehe yake, kabla hujatoa amana. Ahadi ya “hamia kwanza, tutarekebisha” usiikubali.