Jibu: ./configure inagoma kwenye Ubuntu
Salama mkuu. Umesema umefungua tar.xz (faili lililobanwa lenye msimbo) ya htop, programu ya kuonyesha kinachoendelea kwenye kompyuta, ukaandika ./configure (inayokagua kama vinavyohitajika kuijenga vipo), ikagoma na "no acceptable C compiler found in $PATH". Faili lako halina shida, gcc, yaani compiler ya C inayogeuza msimbo kuwa programu, ndiyo haipo. Ila kwanza jaribu sudo apt install htop. Kama hulazimiki kuwa na toleo jipya kabisa, umemaliza.

Ukishikilia kujenga mwenyewe: sudo apt update, kisha sudo apt install build-essential (kifurushi chenye gcc na make; bando liwepo, si mzigo mdogo). Rudia ./configure. Ikilalamikia ncurses (maktaba ya kuchora skrini ya terminal), weka libncurses-dev. Hiyo "-dev" ilinilia jioni nzima: ncurses ninayo, nashangaa inatafuta nini tena! Kumbe ilitaka faili za kujengea, ambazo ziko kwenye "-dev". Ikipita, make (kujenga), halafu sudo make install (kusakinisha). Ikigoma tena, bandika mistari ya mwisho hapa.